Anayejiajiri, SHA na Ushuru: Hesabu ya Kufanya Kabla ya Kuugua



Katika toleo hili tunaacha kando malaria, lishe na chanjo, ili tuzungumzie pesa. Huenda mtauliza, wauguzi wameingiaje katika mambo ya ushuru? Tumeingilia mlango wa wodi. Mgonjwa anapolazwa, jamaa zake hutujia na maswali, na mawili kati yake tunayasikia karibu kila juma. La kwanza: "Zamani tulikuwa tukilipa bima kila mwezi, mbona sasa mnatuambia mwaka mzima?" La pili: "Hii risiti ya hospitali, nikiipeleka KRA nitapunguziwa ushuru?"

Wanaouliza hivyo si walimu wala makarani. Mwajiriwa hana haja ya kuuliza, kwa maana mwajiri wake amekwisha kukata yote mawili, bima na ushuru, kabla mshahara haujamfikia. Wanaouliza ni mama mboga, fundi wa jua kali, mwenye duka, kinyozi, kijana wa bodaboda na mkulima anayeuza maziwa. Hao ndio walio wengi katika parokia zetu, na hao ndio wanaopaswa kujikata wenyewe. Mtu akiachiwa ajikate mwenyewe, mara nyingi hujisahau.

Tuanze na risiti, kwa sababu jibu lake ni fupi. Hapana. Sheria ya ushuru wa mapato ya Kenya haimruhusu mtu kuondoa matumizi ya nyumbani katika hesabu ya biashara yake, na matibabu ya familia yamo katika matumizi ya nyumbani, kama unga na karo. Hata ukiuza ng'ombe wawili ili mtoto apasuliwe, KRA haitapunguza kitu kwa ajili ya bili ile. Sheria inautazama kwa jicho la upendeleo mchango wa bima uliolipwa kabla ya kuugua, wala si gharama ya ugonjwa wenyewe. Na hata upendeleo huo hauwafikii wote, kama tutakavyoona.

Mambo yalivyobadilika

Wazee wanaukumbuka mwaka 1989, wakati hospitali za serikali zilipoanza kutoza wagonjwa sehemu ya gharama. Hazina ya taifa ya bima ya hospitali, yaani NHIF, ilikuwapo tangu 1966, lakini kwa miaka mingi ilikuwa zaidi ya watu wa mshahara. Anayejiajiri alilipa shilingi 160 kwa mwezi, na kuanzia 2015 akalipa 500. Wengi walilipa miezi mitatu, wakaacha, wakarudi kulipa mama alipokaribia kujifungua.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilipitishwa mwaka 2023, na tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF ikatoa nafasi kwa SHA. Chini ya SHA kuna hazina tatu, na ni vizuri kuzitofautisha kwa sababu watu huzichanganya kisha wakafika hospitalini na matumaini yasiyo na msingi.

Hazina ya kwanza ni ya huduma za msingi. Inalipia matibabu ya kawaida katika zahanati na vituo vya afya vilivyo na mkataba na SHA, na pesa zake hutoka serikalini. Unachohitaji ni kujiandikisha. Kwa hiyo homa ya mtoto, kikohozi na kidonda kidogo, anzia huko. Ukiruka zahanati ukaja moja kwa moja hospitalini kwa kikohozi cha siku mbili, usishangae kuambiwa ulipe.

Hazina ya pili ndiyo SHIF. Hii ndiyo inayolipia kulazwa, upasuaji, kusafisha damu kwa wenye ugonjwa wa figo, na kujifungua. Hapa kujiandikisha hakutoshi, ni lazima mchango uwe umelipwa.

Hazina ya tatu ni ya dharura na magonjwa sugu, pale ambapo kiwango cha SHIF kimekwisha.

Jambo linalotuumiza zaidi wodini ni la akina mama wajawazito. Mpango wa Linda Mama, ulioanza kwa jina hilo mwaka 2016, uliwazoesha kujifungua bila malipo, hata katika hospitali nyingi za misheni. Sasa kujifungua kumehamia SHIF. Wako akina mama wanaofika kwetu na uchungu wa saa sita, wamejiandikisha SHA na wana ujumbe katika simu kuthibitisha hivyo, lakini hakuna shilingi iliyolipwa. Wanadhani kuandikishwa ndiyo kulipa. Katika viwango vilivyotangazwa mwaka 2024, SHIF humlipia mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida shilingi 10,000, na aliyepasuliwa shilingi 30,000. Mume ambaye hakulipa mchango hujikuta anazitafuta pesa hizo kwa simu usiku, huku mkewe akisainiwa karatasi za upasuaji. Mimba, wapendwa, haiji ghafla kama ajali. Tangu mama anapohudhuria kliniki ya kwanza, familia huwa na miezi mitano au sita ya kujiandaa.

Mchango ni kiasi gani?

Kwa mwajiriwa ni asilimia 2.75 ya mshahara wote. Kwa anayejiajiri ni asilimia hiyo hiyo ya mapato ya kaya, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Mapato ya kaya hukadiriwa kwa maswali ambayo mtu huulizwa anapojiandikisha: nyumba imejengwa kwa nini, maji yanatoka wapi, mnapikia nini, mna mifugo gani. Jibuni kweli. Wako wanaoficha ng'ombe, na wako pia, ajabu, wanaojigamba mbele ya karani kwa kuona haya, kisha wakalalamika kwamba wamepangiwa mchango mkubwa. Aliyepangiwa kiasi kisicholingana na hali yake aende ofisi ya SHA akaombe tathmini ifanywe upya. Asikae nyumbani akinung'unika bila bima.

Mchango mmoja humfaa mlipaji, mume au mke wake, na watoto wao walio chini ya miaka 25 wasio na mapato na wanaoishi naye. Kijana wenu wa miaka 23 anayeendesha bodaboda na kujitegemea hayumo. Ajiandikishe mwenyewe, na tunasema hivi kwa mkazo kwa sababu wodi yetu ya mifupa huwajua vijana wa bodaboda vizuri.

Sasa lile swali la kwanza. Ni kweli kwamba anayejiajiri hulipa mwaka mzima kwa mara moja, na kabla ya kuhudumiwa. Serikali iliona kwamba watu walilipa mwezi mmoja wakati wa ugonjwa na kutoweka, na bima haiwezi kuishi hivyo. Lakini kwa mtu anayepata riziki ya kila siku, kutoa mwaka mzima kwa mkupuo ni mzigo. Mwaka 2025 ulianzishwa mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambapo mtu hukopeshwa mchango wa mwaka, akaurudisha kidogo kidogo. Mkopo ni mkopo, usomeni masharti yake. Kwa maoni yetu, ni afadhali kuliko kukaa bila bima, lakini kujiwekea mwenyewe ni bora kuliko yote mawili.

Tuhesabu. Mwenye kima cha chini anahitaji shilingi 10 kwa siku. Kaya inayokadiriwa kupata 30,000 kwa mwezi inapaswa kulipa 825 kwa mwezi, yaani 9,900 kwa mwaka, na hiyo ni kama shilingi 27 kwa siku. Mkulima naye asihesabu kwa siku. Afadhali alipe juma lile anapouza mahindi au anapopokea malipo ya kahawa au majani chai, kabla pesa hazijapata kazi nyingine. Mwaka wa bima ukianza wakati wa mavuno, utaisha wakati wa mavuno, na pesa ya kulipa tena itakuwa mkononi.

Ushuru unaingia wapi?

Hapa ndipo penye maneno mengi sokoni. Wengi wamesikia kwamba mchango wa SHIF hupunguza ushuru. Ni kweli kwa baadhi. Tangu tarehe 27 Desemba 2024 sheria inaruhusu mchango huo uondolewe katika mapato kabla ya ushuru kuhesabiwa. Lakini msomaji anayejiajiri lazima kwanza ajue anatozwa ushuru wa namna gani, kwa maana ziko namna mbili.

Namna ya kwanza ni ushuru wa mauzo, ambao wafanyabiashara huuita TOT. Unamhusu mwenye mauzo kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Tangu Julai 2023 ni asilimia 3 ya mauzo yote, na hulipwa kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Ni rahisi kuuhesabu, ila hauangalii faida. Hauondoi kodi ya chumba, wala bei ya bidhaa, wala mchango wa SHIF. Uwe ulipata au ulipoteza, ni asilimia 3.

Namna ya pili ni ushuru wa mapato wa kawaida, ambao huangalia faida. Shilingi 288,000 za kwanza kwa mwaka hutozwa asilimia 10, 100,000 zinazofuata asilimia 25, na baada ya hapo asilimia 30, na kwa wenye mapato makubwa zaidi hupanda tena. Kisha kila mtu husamehewa shilingi 28,800 kwa mwaka. Ukipiga hesabu utaona kwamba mwenye faida ya 288,000 au chini yake hatoi kitu, kwa sababu asilimia 10 yake ni ile ile 28,800 aliyosamehewa. Katika namna hii ndipo mchango wa SHIF huondolewa.

Mwenye mauzo yanayomweka katika TOT anaweza kumwandikia Kamishna wa KRA kwamba anachagua kutozwa kwa namna ya pili. Je, achague? Tuwachukue watu wawili wa kubuni, kila mmoja akiuza shilingi milioni moja na nusu kwa mwaka.

Wa kwanza ni mama mwenye duka la rejareja. Anauza sukari, mafuta na sabuni, na faida ni ndogo sana katika kila kitu. Baada ya kununua bidhaa, kulipa kodi na umeme, mwaka unamwachia 240,000. TOT yake ni 45,000. Angetozwa kwa faida, mchango wake wa SHIF, tuseme 6,600, ungeondolewa, zikabaki 233,400. Asilimia 10 ya hizo ni 23,340, na msamaha ni 28,800, basi asingelipa hata senti. Angalieni vizuri: hakuokolewa na mchango wa SHIF, kwa maana hata bila kuuondoa asingedaiwa kitu. Ameokolewa na faida yake ndogo. Lakini zile 45,000 zingemlipia bima ya familia kwa zaidi ya miaka sita.

Wa pili ni fundi cherehani. Anachouza zaidi ni kazi ya mikono yake, na gharama zake ni uzi, vitambaa vichache, umeme na kodi. Kati ya milioni moja na nusu anabaki na 900,000. TOT yake ni 45,000, sawa na mama wa duka. Mchango wake wa SHIF, asilimia 2.75 ya 900,000, ni 24,750. Akisikia maneno ya sokoni akahamia ushuru wa faida ili mchango huo uondolewe, ushuru wake utakuwa 171,175. Ni kweli kuondolewa kwa mchango kumempunguzia 7,425, lakini amelipa 126,175 zaidi ya zile za TOT. Amefuata kifaranga akaacha kuku.

Kwa hiyo asiwadanganye mtu kwamba kuna jibu moja la wote. Mwenye duka, mwenye hoteli ndogo, mwuza nafaka, wote wenye faida nyembamba, wafanye hesabu ya namna zote mbili. Fundi, kinyozi na msusi mara nyingi watajikuta salama zaidi katika TOT. Tena anayetozwa kwa faida lazima aweze kuionyesha. Tangu Januari 2024 gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS inaweza kukataliwa. Mama wa duka anayenunua kwa jumla bila ankara hawezi kusema tu kwamba faida yake ni 240,000. Bila daftari na ankara, hesabu yetu nzuri hapo juu ni hadithi.

Na walio chini ya milioni moja? TOT haiwahusu. Faida yao ikiwa ndogo, kama tulivyoona, hawatadaiwa ushuru wa mapato. Lakini mwenye PIN bado anapaswa kujaza ritani kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni kupita, hata kama hadaiwi. Faini ya mtu binafsi anayechelewa huanzia shilingi 2,000, na hiyo ni zaidi ya nusu ya mchango wa chini wa SHIF wa mwaka. Ni uchungu kuona pesa za bima zikiliwa na faini ya karatasi tupu.

Wachache kati yenu wana bima ya kampuni binafsi juu ya SHA. Kwao kuna nafuu nyingine: asilimia 15 ya malipo ya bima hiyo ya afya hupunguzwa katika ushuru wenyewe, mpaka shilingi 60,000 kwa mwaka. Aliyelipa 30,000 hupunguziwa 4,500. Hili nalo ni kwa anayetozwa ushuru wa faida tu, na aombe cheti cha bima kutoka kwa kampuni. Bajeti husomwa kila Juni na viwango huweza kubadilishwa, basi kabla ya kuandikia Kamishna chochote, pitieni ofisi ya KRA mwulize. Kuuliza hakutozwi.

Daftari moja, kazi mbili

Tunajua wengi huogopa daftari kwa kudhani ni silaha ya KRA. Lakini ni daftari hilo hilo litakalokuonyesha kama una uwezo wa kulipa SHA mwezi huu au mwezi ujao. Safu nne zinatosha: tarehe, pesa iliyoingia, pesa iliyotoka kwa biashara, pesa iliyotoka kwa nyumba. Safu ya tatu na ya nne zikichanganywa, mtu hajui kama duka linakufa au nyumba inalila. Wengi hugundua, baada ya miezi miwili tu ya kuandika, kwamba dawa za dukani, zile za kununua vidonge viwili viwili bila kupimwa, zinakula zaidi ya shilingi 27 kwa siku.

Katika jumuiya ndogo ndogo nako kuna la kufanya. Tunachanga vizuri sana mtu akishalazwa. Harambee ya bili ya 80,000 hupangwa kwa siku tatu. Pesa hizo, kwa kima cha chini cha 3,600, zingelipia familia 22 kwa mwaka. Kwa familia zisizojiweza kabisa, sheria imeiwekea serikali wajibu wa kuzilipia, lakini mpaka jina lifike kwenye orodha, mwenyekiti wa jumuiya anaweza kuzungumza na paroko. Chama cha akina mama kinaweza kuwa na sanduku la SHA kando na lile la kukopeshana, na kila mwanachama akalipiwa mchango wake zamu inapomfikia.

Mwisho, tahadhari kuhusu vijana wa sajili na ritani wanaokaa nje ya masoko. Wengi ni waaminifu. Lakini usimwachie mtu nywila yako ya KRA, na usimpe pesa ya SHA mkononi akakulipie. Lipa kwa simu yako mwenyewe, na uuhifadhi ujumbe. Kisha piga *147# uhakikishe kwamba malipo yameonekana na kwamba majina ya watoto wote yamo, pamoja na yule aliyezaliwa mwaka huu, ambaye husahauliwa kila mara. Asiyeweza kutumia simu, karani wa mapokezi hapa kwetu humwangalizia hata kama haugui, bora aje na kitambulisho. Msije Jumatatu asubuhi tu, ni siku ya kliniki ya kisukari na foleni hufika mpaka langoni.